Mama Mkwe Ameniomba Msamaha kwa Kosa Langu

Jina langu msiliweke, maana huku Sindeni tunajuana wote. Nina miaka ishirini na nane, nimeolewa, nina watoto watatu. Wa mwisho nilimzaa kwa upasuaji na nusura tufe wote wawili. Nilipomgusia mume wangu habari za uzazi wa mpango alinikata palepale: "Hayo mambo kwangu hayaingii." Baadaye nikaaga naenda Korogwe kumwona dada yangu, nikaenda zahanati kuweka kitanzi cha kuzuia mimba.

Nesi hakunificha. Alisema miezi ya mwanzo damu inaweza kuongezeka na tumbo kuuma, na ikinizidi nirudi. Kwangu ilizidi kweli. Nabadilisha vitambaa kutwa nzima, kiuno kinakatika, nikisimama napata kizunguzungu. Kurudi nashindwa, nitaaga naenda wapi tena?

Tunaishi na mama mkwe, mtu wa dini sana, na huwa naswali naye chumba kimoja. Akawa ananiona sishiki mswala siku nyingi, maana mwenye hedhi haswali, nikirudi kuswali kidogo tu naacha tena. Juzi alinikuta jikoni nimejikunja, kanga imelowa damu. Akanikalisha, akafunga mlango, akaanza kulia.

"Mwanangu, mimba hii si ya kwanza kutoka, sivyo? Na ni miye. Ni miye niliyekuwa nakutwika ndoo za maji bila kujua una mimba. Nisamehe mama, nimemuua mjukuu wangu."

Jamani, hapo ndipo pa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka ni, "Nimekusamehe, mama."

Mimi! Eti nimemsamehe mtu asiye na kosa. Naona aibu hata kuandika. Tangu siku hiyo haniachi niguse ndoo. Anachota yeye, na magoti yake yale mabovu, kisha ananikorogea uji. Kila akimaliza kuswali namsikia anatubu kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Mume wangu naye, baada ya kuambiwa na mama yake, kanichinjia kuku nirudishe damu, na ananiangalia kwa huruma ambayo sijaizoea.

Nikisema, ndoa yangu inaweza kuvunjika. Nikinyamaza, mama wa watu atakufa akiamini aliua. Sasa hivi namsikia anarudi kutoka kisimani, anapaza sauti nisitoke nje, ndoo ataitua mwenyewe.

Nishaurini, nifanye nini?