Kelele ya "Anueni!" Ilianzia Kwenye Kamba ya Shangazi

Umewahi kuona watu elfu mbili wamejibana vibanio vya nguo masikioni, wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inawatoka?

Mimi nimewaona. Tena mimi ndiye niliyewafundisha.

Siku Sokoni inacheza na Stendi, upande wetu mzima huwaimbia wale jamaa: "Anueniii! Anueni, mvua hiyo!" Ukiona wanavyonuna, utacheka mpaka mbavu zikuume.

Kila mtu mjini ana hadithi yake kuhusu kelele hiyo ilikotoka. Waongo wote. Leo nasema ukweli, nikimaliza mnitukane mtakavyo.

Mimi nauza vitunguu sokoni, na Sokoni ndiyo timu yangu. Stendi ni timu ya madereva, makonda na wapiga debe, watu ambao Mungu aliwapa mdomo akasahau kuwawekea breki.

Miaka saba iliyopita tulikutana nao fainali. Wakajinunulia jezi mpya, nyeupe pe. Nyeupe, kwenye uwanja wa vumbi! Za zamani wakazichana matambara ya kufutia vioo vya mabasi, eti bingwa havai kuukuu.

Kapteni wao, konda mmoja mrefu, akapita kwenye meza yangu ya vitunguu.

"Jumamosi njooni na leso," akasema. "Mtalia."

Wiki nzima walizivaa mazoezini ili tuzione, mpaka zikageuka rangi ya udongo. Ikabidi zifuliwe. Na mji mzima dobi wa kuaminika kwa nguo nyeupe alikuwa mmoja tu, shangazi yangu.

Shangazi ni dada yake marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele, mabeseni matatu, pasi ya mkaa, na kamba nne uani. Mambo ya timu hayakumhusu kabisa.

Asubuhi ya fainali alizifua jezi kumi na nne za Stendi, akazisuuza, akazitia bluu ya kung'arisha weupe, akazitundika. Katikati yazo akatundika na yangu moja, ya zambarau, ya Sokoni.

Saa sita akajifunga mtandio.

"Nakwenda kupima presha. Mvua ikija, anua nguo, baba. Zote. Zikilowa nitaaibika mimi."

"Ondoa shaka, shangazi."

Saa saba mbingu ikafunga.

Nilitoka mbio kwenda uani, hilo nalisema kweli. Nikatoa vibanio viwili, vikaanguka, nikaanua jezi yangu. Nikapeleka mkono kwenye ile ya konda.

Nikakumbuka leso.

Nikaurudisha mkono. Nikavuta kiti mlangoni, nikakaa, nikaitazama Stendi nzima ikinyeshewa pale kwenye kamba. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Shangazi alirudi anakimbia na magoti yake yale mabovu. Hakunikuta. Nilikuwa nimeshaondoka, nimevaa jezi yangu kavu.

Saa kumi mvua imekatika, Stendi wanaingia uwanjani. Weee! Jezi zimewaganda mwilini. Nyingine zina michirizi ya bluu, moja imeungua mgongoni kwa pasi ya haraka haraka. Na konda, kapteni mzima, ana kibanio kinaning'inia begani!

Nikapanda juu ya benchi.

"Anueniii!"

Uwanja ukalipuka. Refa mwenyewe alishindwa kupuliza filimbi kwa kucheka. Tuliwapiga nne bila, na la tatu liliingia golikipa wao akiwa anahangaika na jezi iliyomnasa kwapani.

Nilibebwa juu juu. Tangu siku hiyo naitwa Mzee Anua, na jina hilo nimelivaa kama kofia.

Stendi walitaka mtu wa kumlaumu. Hawakuja kwangu. Walisema dobi kahongwa, si ana mtoto wa kaka yake sokoni?

Wateja wakaanza kumpita mlangoni bila hata salamu. Akiulizwa, shangazi alijibu neno lile lile: "Nilichelewa kuanua. Uzee."

Miezi miwili baadaye akakunja kamba zake. Nikamhamishia chumba cha nyuma kwangu, watu wakanisifu kwamba nina utu. Na hiyo sifa nikaipokea, sikuona haya.

Nyumba yangu iko nyuma ya uwanja. Kila siku ya mechi shangazi hufunga dirisha. Nilidhani anakimbia vumbi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa Sokoni na Stendi tena, na vibanio havikututosha. Nikamwendea.

"Shangazi, lile kopo lako la vibanio bado lipo?"

Akalivuta chini ya kitanda, akanipa. Kisha akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa vibanio viwili vya mbao, akaniwekea kiganjani.

"Hivi ni vyako."

"Vyangu kivipi?"

"Siku ile niliviokota chini, katikati ya kamba. Jezi kumi na nne zinachuruzika maji, yako haipo. Jioni ukaingia umeivaa, inang'aa."

Nikaketi kitandani kwake. "Ulijua?"

"Nimefua miaka thelathini, baba. Nguo haijianui yenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Wangekuvunja miguu." Akanitazama. "Halafu nilijua utasema mwenyewe. Nenda, utachelewa mpira."

Nililia njia nzima, mtu mzima na kopo la vibanio kwapani. Leso sikuwa nayo.

Nilipofika, wenzangu walikuwa wameshaanza kuimba. Nikawapa kopo, nikabaki na vile viwili bila kuimba.

Wakati wa mapumziko nikavuka kwenda upande wa Stendi. Yule konda siku hizi ndiye kocha wao. Nikamweleza yote, vibanio viwili vikiwa mkononi, nikasubiri kofi.

Halikuja. Afadhali lingekuja.

"Kwa hiyo yule mama hakuhongwa?"

"Hakuhongwa."

"Miaka saba nakutana naye njiani simsalimii," akasema. Akageuka, akaenda kuwaambia mashabiki wake.

Kipindi cha pili watu wangu wakaanza tena: "Anueniii!"

Stendi wakainuka wote, wakaninyooshea vidole, wakajibu kwa sauti moja:

"Nguo za shangazi jeee?"

Watu wangu wakaacha kuimba. Kisha wakaanza kuulizana, na jibu likazunguka benchi kwa benchi. Nikawaona wanavitoa vibanio masikioni, kimoja kimoja, wananitazama kama kitunguu kilichooza.

Walikuwa na haki. Miaka saba nimewacheka wenye jezi mbichi, kumbe kituko cha mji nilikuwa mimi.

Sasa hivi mteja akija mezani kwangu haulizi bei. Anachagua vitunguu, ananitazama usoni, anasema, "Na za shangazi je?" Namfungia tu.

Jumatatu konda alikuja nyumbani na wachezaji wake watatu na mfuko wa jezi. Alimwomba shangazi msamaha akiwa amechuchumaa. Shangazi akazigeuza kola, akazinusa, akakunja uso.

"Nitafua," akasema. "Ila nani ataanua?"

Wote wakanigeukia.

Funzo ni hili, msomaji wangu: ukimkuta mtu anaongoza kucheka, muulize kwanza alikuwa wapi mvua ilipoanza. Mimi nilijificha ndani ya utani wangu, nikamwacha mama wa watu alowe kwa niaba yangu.

Ningeendelea kuandika, lakini wingu limetanda, na uani kuna jezi kumi na nne.