Cheti cha Kazi Zote

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyokaa kwenye benchi la duka la kuchapa barua pale Malakia, mjini Juba, fomu ya kusajili kampuni iko magotini, na moyo unanidunda kama mtu aliyekuja kufanya mtihani. Umeniambia unataka kusajili biashara yako ili uweze kuomba zabuni za serikali na ruzuku za vijana, na umeniomba ushauri kama mzee. Neno hilo, mzee, bado linanibana kama shati la kuazima. Hata hivyo nimekubali. Maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu ule ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe kamili haujapona. Utaona ulitufikisha wapi.

Ilikuwa ile miaka ya amani, baada ya mkataba na kabla ya uhuru wa Sudan Kusini. Serikali ya Juba ilikuwa mpya, hata harufu ya rangi haijatoka ofisini. Nilikuwa nimerudi kutoka Kenya, nilikokulia, nikaja kukaa na mjomba wangu Wani huko Gudele, pembezoni mwa Juba. Mjomba alikuwa seremala. Ufundi aliupata ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake pia alikipata huko huko. Alifanya kazi na Ociti, fundi Mganda aliyemfuata Juba kutafuta riziki, mtu ambaye hajawahi kuacha mzaha umpite. Karakana yao ilikuwa turubai juu ya nguzo, na mbao chini yake.

Kazi ilikuwa ya shida. Viti na meza vililetwa na malori kutoka Kampala vikiwa vimeshapakwa vanishi, na watu walivinunua kabla havijashushwa. Ndipo tukasikia kwamba serikali itanunua madawati ya shule. Mjomba hakuwa mtu wa kujipa matumaini ovyo, lakini siku hiyo aliweka randa chini akaniambia, "Lado, hii ndiyo kazi. Tukikosa hii, Ociti anarudi kwao, na mimi nafunga."

Zabuni ilitaka kitu kimoja tusichokuwa nacho, yaani namba ya usajili. Bila namba, karani asingepokea hata bahasha yako. Kati yetu mimi ndiye niliyeandika vizuri, ingawa mengi nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani na kamusi iliyochanika kurasa za mwisho. Basi fomu ikawa yangu.

Jina la kampuni na mahali ilipo havikunisumbua. Kisha nikafika kwenye nafasi ya shughuli za kampuni. Niliandika: kutengeneza samani za mbao. Nikayatazama maneno hayo yalivyobaki peke yake katikati ya karatasi nyeupe, nikaona aibu, kana kwamba nimempeleka mgeni mezani nikampa glasi ya maji tu. Jamaa aliyekaa kando yangu alikuwa ameshapata cheti chake. Akanionyesha. Kiliandikwa biashara ya jumla, ujenzi, usafirishaji, mafuta, visima, dawa za hospitali.

"Wewe unafanya ipi kati ya hizi?" nikamuuliza.

"Bado sijaanza hata moja," akasema, akacheka. "Buda, usijifungie nje. Andika zote."

Nikaandika zote. Sikusukumwa na tamaa, mwanangu, na nalisema hili bila kutaka unionee huruma. Ilikuwa hofu. Niliwaza, je, kesho wakitaka visima? Je, kesho kutwa wakitaka barabara, halafu mjomba aniulize kwa nini sikuandika barabara? Niliona kuacha kitu nje ni kosa ambalo lingenifuata maisha yote. Nilijaza hadi ukingoni. Nilipokosea herufi moja nilinunua fomu nyingine na kuanza upya. Mjomba alitia saini bila kusoma. Aliniamini.

Cheti kilipotoka na namba yake, Ociti alikishika kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga. "Kuanzia leo," alisema, "muniite Mkurugenzi wa Misumari. Mutu asiniite Ociti tena."

Tukapeleka bahasha yetu. Baada ya muda ikaja barua kwamba mkaguzi atafika kuangalia uwezo wa kampuni kwa shughuli zote zilizo kwenye cheti. Niliisoma peke yangu, nikaikunja, nikaisoma tena. Mtu mwingine angemwendea mjomba na kumwambia ukweli. Mimi nilikwenda kutafuta mtambo wa kukoroga zege.

Niliuazima kwa mlinzi wa yadi moja karibu na uwanja wa ndege, ambako ujenzi ulikuwa umesimama. Nikapata pia mabomba ya kisima kwa muuza vyuma chakavu, na maboksi matupu ya dawa, ambayo niliyapanga ili upande uliotoboka utazame ukutani. Mjomba wakati huo alikuwa amekwenda njia ya Yei kununua mbao. Ili mtambo upate nafasi chini ya turubai, nilizitoa juani mbao zake za msaji, zile alizokuwa anazikausha taratibu kivulini kwa ajili ya madawati. Ociti alinionya. Nikamwambia ni kwa muda mfupi tu.

Mjomba alirudi asubuhi ile ile ya ukaguzi. Akauzunguka mtambo, akaugonga kwa kidole.

"Lado, hii munyama ni ya nani?"

"Ya kampuni, mjomba. Kwa leo tu."

"Na mbao yangu iko wapi?"

Nilimwonyesha. Alipitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, nao ulikuwa umeanza kupasuka kuanzia kichwani. Hapo hapo gari la ofisi likasimama barabarani.

Mkaguzi alikuwa dada mrefu, mpole, naye amekulia Kenya kama mimi. Alikuwa na nakala ya cheti chetu mkononi. Alianza na mtambo.

"Huu ni wenu?"

"Ndiyo, dada."

"Washa nione."

Nilivuta kamba. Nikavuta tena. Mtambo ulikohoa vumbi ukanyamaza.

"Imelala, madamu," Ociti akasema kutoka nyuma. "Jana ilikula posho nyingi." Posho kwao Uganda ni ugali.

Yule dada alicheka kidogo, na kwa sekunde moja nilidhani tumepona. Kisha akaenda kwenye maboksi ya dawa, akalivuta moja kuelekea kwake, akaona tundu. Hakuniuliza mimi tena. Alimgeukia mjomba.

"Mzee, kampuni yenu inafanya kazi gani hasa?"

"Mimi iko fundi ya mbao," mjomba akajibu. "Natengeneza dawati. Ingine yote muulize huyu kijana."

Akamwonyesha dawati la mfano. Dada alilikalia, akaegemea, akalisukuma kwa goti. Halikutikisika. Aliinama hata chini yake kuangalia viungo, akainuka.

"Mzee, dawati lako ni zuri kuliko mengi niliyoyaona wiki hii. Lakini nimetumwa kuthibitisha yaliyo kwenye cheti, na nimekuta ya uongo. Nikikuta ya uongo siwezi kutia saini."

"Tukifuta hiyo ingine sasa hivi?"

"Inafutwa kule usajili tu, unaanza upya. Zabuni itafungwa kabla hamjamaliza. Malesh, mzee." Alisema pole hiyo ya Kiarabu cha hapa kwa sauti ya chini, akaondoka.

Nilingoja mjomba anipige. Alikaa juu ya ubao uliopasuka, akanivuta nikae kando yake.

"Wewe uliogopa watatuona wadogo," akasema. "Sasa hawakutuona kabisa. Mimi hapana chukia kuandika yako. Nachukia kwa nini hukuniuliza. Miaka yote naamka, nashika mbao. Nani alikuambia hiyo ni kidogo?"

Niliinuka, nikaanza kuusukuma mtambo utoke chini ya turubai.

Kazi ya madawati ilipewa mtu mwingine, mwenye namba ya usajili isiyo na dosari na cheti chenye shughuli moja tu, samani. Karakana hakuwa nayo. Nani alimkagua, sijui, na sikuuliza. Baada ya siku chache alisimamisha gari lake Gudele, akatafuta fundi, akaelekezwa kwa mjomba. Bei aliyotoa ilikuwa ndogo mno. Ociti alinung'unika, mjomba akakubali, maana kazi nyingine haikuwepo. Tuliyatengeneza kwa mbao mpya, moja baada ya lingine, na mjomba hakuruhusu hata moja litoke likiwa limelegea.

Mkataba ulitaka kila dawati liandikwe namba ya kampuni iliyolileta. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Nilishika brashi na kopo la rangi nyeusi, nikaandika namba ya mtu yule kwenye kila dawati la mjomba wangu. Niliandika kwa unadhifu, tarakimu zote zimenyooka. Nilipomaliza, mjomba alipita akayatazama, akasema "khalas", yametosha, akaenda kunawa mikono.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kasajili. Usichelewe kwa kuona biashara yako bado changa, kwa maana usipokuwa na namba yako, jasho lako litasafiri kwa namba ya mwingine, na hutakuwa na pa kulalamika. Ukifika kwenye nafasi ya shughuli, andika ile unayoamka nayo. Kama ni moja, iwe moja, na uache weupe uliobaki ubaki. Kazi ikiongezeka utarudi kuongeza, ofisi haihami. Kabla ya kutia saini, msomee kwa sauti yule mnayefanya naye kazi, hasa kama hasomi. Na hofu ikikushika, kama inavyonishika mimi hata sasa ninapoandika haya, mwambie mtu. Usiende kuazima mtambo.

Mungu akupe kazi unayoweza kuisimamia kwa mikono yako miwili, akupe na watu wa kuifanya nawe. Namba yako iandikwe juu ya vitu ulivyovitengeneza wewe, na mkaguzi atakapokuja, akukute umeshika kazi ile ile uliyoiandika.