Pini ya Hijabu na Jiwe Linalogeuza Uso

Saa mbili asubuhi, jua la Garissa limeshashika bati, na Rukiyo Yarrow ameinamia hadubini, pumzi kaibana kama mtu anayemvizia digidigi. Kwa kibano anashika waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto, anauchovya kwenye gundi ya fedha, anaulaza juu ya kipande kisichozidi ukucha. Mtu akipiga chafya sasa, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Kipande hicho kina tabaka mbili. Chini ni jiwe lenye usumaku, lisilopitisha umeme hata chembe. Juu yake ni utando wa platini, na umeme hupita humo tu. Sumaku kubwa ikizungushwa pembeni, kompyuta huonyesha ukinzani wa platini ukipanda na kushuka, ingawa umeme haujaligusa jiwe.

"Si uchawi," anasema Rukiyo, mwenye miaka 46. "Jirani haingii kwako, hali chakula chako. Lakini akigeuza uso tu, wewe mwili unakuwa mzito. Mimi nilielewa siku ya kwanza."

Alielewa kwa sababu jirani anaye. Anaitwa Siham, ana miaka 24 na diploma, na meza zao zinagusana.

Rukiyo aliishia darasa la nane. Miaka kumi na tisa alishona shanga kwenye magauni ya maharusi sokoni, mpaka Daktari Khalif, mkuu wa maabara hii ndogo, alipouona mkono wake usiotetemeka akamchukua kibarua. Hulipwa shilingi 700 kwa siku, akiugua, hakuna. Sasa imetoka nafasi moja ya kudumu, na Daktari atampa yule kati ya hao wawili ambaye vipimo vyake vitatulia.

"Wageni walipokuja kuitazama maabara, waya nimefunga mimi, picha kapigwa Siham," Rukiyo anasema. "Chai yangu nikaimwaga nje."

Kisha vipimo vya Siham vikaanza kuruka. Kila akikiinamia kipande, mstari kwenye kompyuta unashtuka kama mbuzi aliyesikia fisi. Msichana akafunga upya waya arobaini. Akasoma Ayatul Kursi, aya ya kinga.

Rukiyo alijua kasoro siku ile ile. Aliona sindano ya mezani ikiruka na kunasa chini ya kidevu cha Siham. Hijabu yake ilibanwa kwa pini ya kisasa, ile ya sumaku isiyotoboa kitambaa. Ni ndogo kama punje ya mtama, lakini jiwe halidharau: ikisogea, linageuza uso.

Alipoulizwa kama alimwambia mwenzake, Rukiyo alichezea ncha ya ushungi. "Nilikunywa chai. Siku nne, walahi, tamu sana."

Siku ya tano Siham alimjia macho mekundu. "Eeddo," alimwita, yaani shangazi, "nimemwambia Daktari waya zako ndizo safi. Zangu hazifai. Naacha nafasi."

"Umemwambia hivyo kwa kinywa chako?"

"Kwani uongo?"

Rukiyo anakiri kwamba hakusukumwa na huruma. "Alitaka kunishinda hata kwa wema. Hapo nikakataa."

Akamchomoa pini ile. Akachomoa yake mwenyewe, ya shaba, aliyoolewa nayo, akamfunga msichana hijabu.

"Inama."

Siham akainama. Mstari ukatulia.

"Eeddo, umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, abaayo, dada yangu. Na usinitazame hivyo, ushungi wangu unaanguka."

Daktari atatangaza Alhamisi. Vipimo vya Siham vimenyooka, vingine kuliko vya Rukiyo, naye anajua, maana kila asubuhi hutazama vya mwenzake kabla ya vyake.

Anachotaka ni mkataba wenye jina lake, na kiti chenye mgongo.

"Nimshinde akiwa hana sumaku," anasema, akirudia hadubini. "Akishinda yeye, Mungu ndiye mgawaji. Lakini pini yangu ya shaba aniletee siku hiyo hiyo."