Pindo la Kikwembe Changu

Mwanangu, ninaikumbuka vizuri ile asubuhi nilipovaa kikwembe changu cha Idi, nikavuka lupango letu, ua wa nyumba yetu, kwenda kuomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo. Mfuko mzima ulikuwa juu ya meza yangu. Nilikwenda kwa sababu mjukuu wangu Salima alikuwa amesimamisha kamera yake mlangoni mwa jiko la Zaina, na kwangu hakuwa amefika hata kunisalimu.

Ngoja kwanza nikueleze Zaina ni nani. Zaina ni mbanda wangu, mke mwenzangu. Yeye aliolewa kwanza. Miaka ikapita bila mtoto, ndipo mume wetu akanioa mimi, msichana bado, na mimi nikazaa. Tangu siku hiyo mtaa wetu mzima wa Mangobo unaniita Mama Safi, jina la mtoto wangu wa kwanza. Yeye wanamwita Zaina tu, mpaka leo nywele zimekuwa nyeupe. Jiko lake liko upande ule wa lupango, langu upande huu, kinu kiko katikati. Mume wetu alipokufa alituachia nyumba, na kila mmoja wetu akaachiwa mwenzake.

Salima ni mtoto wa Safi wangu. Anajifunza filamu mjini, kwenye kituo kidogo ambapo vijana wanatumia kamera kwa zamu. Si zile filamu za watu kujifanya wanalia. Hapana, filamu za mambo ya kweli. Mwalimu wao anawatuma wakatengeneze fupi fupi, na kila mara kwa njia nyingine. Salima alinieleza siku moja nikichambua mchele.

"Koko, njia ya kwanza unanyamaza. Unaangalia tu, unajifanya kama hauko. Ya pili unauliza watu, na sauti yako inasikika. Ingine unaweka maneno yako juu ya picha, unaelezea. Na ingine unaingia wewe mwenyewe ndani, watu wanakuona."

"Na wanakufundisha hiyo kwa kituo?"

"Ndiyo, Koko."

"Mimi nilifundishwa na ndoa," nikamwambia. "Olewa na mwanaume mwenye mke, utazijua zote. Kwanza unanyamaza, unachungulia kwa tundu la ukuta. Kisha unaanza kuuliza. Kisha unaelezea majirani. Mwisho unaingia mwenyewe."

Akacheka hadi akamwaga mchele. Basi mimi nikajua, akianza kazi yake ataanza na mimi. Nikafua kikwembe. Nikasuka nywele. Nikangoja. Na huyo, asubuhi ile, akapita mbele ya mlango wangu na miguu ya kamera begani, akaenda kwa mbanda.

Ndiyo nikaenda kuomba chumvi. Nikarudi. Nikaona nina haja ya moto wa kuwashia mkaa, nikaenda tena. Kisha nikakumbuka kwamba chungu changu kimoja kiko kwake tangu zamani.

"Koko!" Salima akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini. "Unapita mbele ya kamera."

"Napita kwa lupango ya bwana yangu. Kamera ndiyo imepita mbele yangu."

"Hii ni ile ya kunyamaza. Tafadhali, Koko."

"Na kwa nini kwake? Mimi sina jiko? Mi napika kwa mti?"

Hapo akanijibu. "Koko, weye ukiona kamera unajipanga. Koko Zaina anasahau kama iko."

Zaina alikuwa anachambua majani ya sombe, kisamvu cha muhogo, hakuinua kichwa. Nikarudi kwangu, nikafunga mlango mchana kweupe.

Usifikiri ilikuwa ni uzuri wa sura nilioutaka, mwanangu. Sura yangu naijua. Nilikuwa nawaza hivi: filamu haifi kama sisi. Watoto ambao hawajazaliwa wataiangalia, wataona lupango la babu yao, wataona mwanamke mmoja ndani yake, naye si yule aliyewazaa. Watasema, huyu ndiye bibi. Na mimi nitakuwa wapi? Nimepasuka kiuno kwa watu hawa, halafu picha ya nyumba ibaki na yule mwingine? Wivu huo ulinikamata kama nilivyokuwa bibi arusi. Nilidhani nimeuzika pamoja na mume. Kumbe ulikuwa umelala tu.

Siku ya kuonyesha, tulikwenda sote wawili kituoni, mimi na Zaina. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakafunga madirisha. Filamu ya Salima ikaanza. Ni Zaina anachambua sombe, Zaina anapuliza moto, Zaina anakaa anaangalia mlango. Hakuna mtu anayesema. Mimi nangoja nijione. Mara pembeni kabisa, chini, likapita pindo la kikwembe changu, maua ya manjano, likaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa mimi. Sehemu nyingine zote Salima alizikata.

Vijana wakapiga makofi. Msichana mmoja akauliza kwa adabu, "Huyu koko anaishi yeye peke yake?"

Salima akatazama chini. Zaina akatazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale mbele yao, na kikwembe kile kile mwilini.

Tulirudi kwa miguu. Pikipiki nilizikataa, nilitaka kutembea nikiwa na hasira yangu. Zaina alinifuata nyuma. Tulipopita soko, nikamgeukia, nikamwita kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

"Yaya, umefurahi sasa? Watu wote wanajua nyumba ni ya nani."

"Mama Safi," akasema, "uliona mikono yangu kwa ile picha?"

"Niliona kila kitu. Kulikuwa na kingine cha kuona?"

"Ilikuwa inatetemeka. Mutoto anasema nimesahau kamera. Nilisahau kamera, ndiyo. Wewe sikukusahau. Nilikuwa nahesabu tu, sasa atarudi kuomba nini."

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Kisha akasimama kabisa katikati ya watu, mabeseni yanatupita kushoto na kulia. "Wewe uko na Safi, na wadogo zake, na watoto wao. Wote wanabeba uso wako, wanatembea nao mji muzima. Mimi ule uso wangu uko wapi? Ni kwa ile shuka tu. Dakika chache. Na hizo pia unaziomba?"

Na usidhani wivu wangu uliisha hapo, hapana. Lakini kwa mara ya kwanza niliona wa kwake. Ulikuwa mkubwa kama wangu, na wa siku nyingi kuliko wangu.

Nikakumbuka mama mkwe wetu. Zamani, nilipokuwa bibi arusi, tulipokataa kusemeshana mimi na Zaina, yule mama alituita kwenye kinu. Akatia sombe, akampa kila mmoja mchi wake, akaketi kwenye kigoda chake. "Mutwange pamoja," akasema. "Siwaombi mupendane. Hiyo ni mambo yenu na Mungu. Naomba chakula." Na kinu kimoja na michi miwili, mwanangu, huwezi kutwanga bila kuangalia mkono wa mwenzako. Ukimwibia zamu yake, michi inagongana, vidole vinaumia. Nilimchukia Zaina siku ile kwa moyo wote, na tukatwanga sombe mpaka ikalainika vizuri. Tangu hapo, hata tukikasirika, sombe tunatwanga pamoja. Salima ameona jambo hilo tangu kuzaliwa, na hakuwahi kuuliza.

Kesho yake nikamwita. "Lete kamera yako. Ile njia ya kunyamaza umemaliza. Imesema uongo, hata kama haikusema kitu. Sasa uliza."

"Koko, zoezi la mwisho ni lile la kuingia mimi mwenyewe."

"Bon, ingia. Kuna majani ya kuchambua."

Akaisimamisha kamera peke yake kwenye miguu yake, akaja akaketi kati yetu na majani mapajani. Tukachukua michi. Zaina, mimi, Zaina, mimi. Mtoto akachambua kidogo, kisha akauliza bila kuniangalia, "Koko, ile siku, kwa nini ulikuwa unapita pita?"

"Wivu," nikasema. "Ulikuwa nini kingine? Chumvi?"

Zaina akaangua kicheko, akapoteza zamu yake, michi ikagongana kwa nguvu, sombe ikaruka mpaka kwenye kioo cha kamera.

"Oh! Tuanze tena," Salima akasema, anatafuta kitambaa.

"Hakuna kuanza tena. Ukikata hiyo, ukate na sahani yako ya leo."

"Iache hivyo, mjukuu wangu," Zaina akasema. Neno hilo, mjukuu wangu, sikuwahi kumsikia akilitamka mbele yangu. Liliniuma kidogo. Nikaliacha lipite, nikainua mchi.

Filamu hiyo waliionyesha pia kwenye shuka lile, doa la sombe likiwa juu ya picha. Yule msichana alikuwepo. Akauliza tena, anacheka, "Alors, hawa makoko wanaishi pamoja?"

"Ndiyo," Salima akajibu. "Wote ni bibi zangu. Wanagombana."

Na nitakuambia ukweli wa mwisho: kwenye shuka Zaina ameonekana kijana kuliko mimi, na bado haijanipendeza.

Basi mwanangu, wewe unayejifunza kuangalia watu, nisikilize. Mtu hanyamazi kwa sababu hana la kusema. Ukimtazama bila kumuuliza, unabeba nusu yake na kuiita yeye mzima. Kabla hujakata kitu, uliza ni nani aliyepita pale pembeni, na kwa nini alipita. Na usijifanye hauko. Uko. Wote waliokuwa jikoni walijua uko, na walijipanga kwa ajili yako, hata yule uliyedhani amesahau. Wivu ukikushika, usiuzungushe kwa safari za chumvi. Utaje kwa jina lake mbele ya mwenye kuhusika, kisha endelea na kazi iliyo mkononi. Huna lazima ya kumpenda. Una lazima ya kuona mkono wake.

Mungu akupe macho yanayofika hadi pembeni mwa picha. Akupe mtu wa kukuuliza kabla hujaondoka, na siku watakapoonyesha nyumba uliyoishi, usiwe pindo la nguo tu. Amina.