Nyimbo za Dunguni

Kiwanda cha nguo kilipobinafsishwa, Kudra akapunguzwa kazi, akamchukua bintiye Warda wakarudi Mbwera kulima mpunga. Miaka yote ya mjini alimkumbuka marehemu bibi yake juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu shambani, akiimba kutwa.

Siku ya kwanza ya kuamia, kulinda mpunga usiliwe na ndege, Kudra akiwa dunguni na Warda na shangazi yake Zamda, akauliza, "Shangazi, bibi alikuwa na raha gani hata aimbe vile?"

"Raha ya wapi, mwanangu? Tulikuwa na njaa. Ukinyamaza, ndege wanashuka."

Kweleakwelea wakatanda juu ya mpunga. Kudra akaimba mpaka koo likamkauka.

"Bibi," Warda akamnong'oneza Zamda, "mama leo ana raha."