Mchoraji wa Alizeti na Kapu la Mbegu

Kijana aliyekuja kutuhubiria habari za mchoraji alitoka Goma, skafu shingoni kwenye jua kali, kwapani picha zilizofunikwa plastiki. Nilikuwa nimeombwa kumtafutia familia ya wakulima, nikampeleka kijijini Burungu kwa shangazi yangu.

Alitusimulia maisha ya Mholanzi mmoja wa zamani: alichora alizeti, alijikata sikio, alilazwa kwa wagonjwa wa akili, mdogo wake akamtunza hadi mwisho. Kila msiba aliutamka kwa utamu, kama mtu anayelamba asali.

"Na ule mudogo yake, alikuwa analima nini?" shangazi aliuliza.

"Alikuwa anauzisha picha, Mama."

"Basi ule njo alikuwa na akili."

Kisha kijana akatoa picha ya watu waliozunguka taa, wakila viazi. Siwezi kukana: mikono ile ilikuwa ya watu wanaolima kweli. Aliyeichora alikuwa ametazama. Huyu wetu hakutazama kitu. Alitaka tukae vilevile atupige picha ya maonyesho yake, na viazi alikwisha kuviona: kapu moja juu ya dari ya jikoni.

Vilikuwa mbegu, vimepakwa majivu, vimeanza kuchipua. Msimu uliotangulia vita vilitufanya tukimbilie Kitshanga, na shamba likavunwa na wasiolilima. Kapu lile likipikwa, shangazi hakuwa na kitu cha kupanda.

Kwetu mgeni akiomba chakula haambiwi hapana. Hupewa kingine, na kingine tena, mpaka aelewe. Shangazi alimpa maharage. Akakataa. Akamletea sombe ya majani ya muhogo. Akakataa. Akamletea jibini nzima, ambayo mtoto wa milimani angeiona, akaelewa, na kuomba msamaha papo hapo. Kijana aliikata kipande, akala, akasema, "Mama, bila viazi foto haina maana. Tupike hata kidogo. Nataka moshi ya chakula ionekane."

"Moshi inatoka ku maji," shangazi akajibu.

Akachemsha sufuria ya maji matupu, akaiweka mezani ifuke. Viazi akavipanga kwenye sahani vikiwa vibichi, na chipukizi zake, akavihesabu kwa macho. Tukakaa kuzunguka taa saa nane mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi, nyuso zetu zikiwa na huzuni tuliyoagizwa.

"Muko watu ya kweli!" kijana alishangilia. Akatega simu ipige picha yenyewe, akakimbia kukaa katikati yetu, akanyakua kiazi na kukiuma kwa uchungu wa Mholanzi.

Majivu na uchungu wa chipukizi vilimjaa mdomoni. Alitema mlangoni, akakohoa, skafu ikapata kazi yake ya kwanza siku ile.

"Pole, papa," shangazi akamwambia. "Wale ya ku picha, walikuwa wanapika."

Baadaye nilionyeshwa picha ile ukutani Goma. Chini yake yameandikwa maneno mengi juu ya njaa na utu, na watu waliinamisha vichwa mbele yake wakiwa na glasi mikononi. Hakuna aliyeona kwamba viazi ni vibichi.

Siku ile, pikipiki ya mgeni ilipokwisha kuondoka, shangazi aliokota kiazi kilichoumwa, akakigeuza kwenye mwanga. Meno yalikuwa yamechukua upande mmoja tu; macho mengine ya kuchipua yalibaki. Akakata sehemu ile kwa kisu, akapaka majivu kwenye kidonda, akakirudisha kapuni.

"Macho yake iko muzima," alisema. "Itaota."

Kiliota.