Gita Lenye Betri

Mpiga besi alikuwa amemchosha shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa maneno yaleyale: gita la besi lisilo na betri sauti yake ni uji mtupu, lenye betri ndilo linaloongea. Jioni hiyo alipiga lake huku amefumba macho. "Umesikia utamu huo?" Akafungua kifuniko cha nyuma amwonyeshe betri. Humo hamkuwa na kitu.

Mkewe aliendelea kukunja nguo. "Niliitoa zamani, redio ya mama ilizimika. Nikaweka swichi upande wa kupigia bila betri, nikangoja ulalamike."

Hakuwahi kulalamika. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shemeji alitazama pembeni, akasema taratibu, "Langu lisilo na betri nimeshaliuza, shemeji. Si uliniambia?"